Nusu Mzunguko wa Spana

Masama, Hai

Kaka Joakim,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu injini zimeyala masikio yako, na nikikupigia simu inanibidi kupiga kelele hadi majirani wanauliza leo nagombana na nani. Mgongo unaendeleaje? Wifi anakukanda kwa maji ya moto, au umemkatalia kama kawaida yako? Huku Masama sisi ni wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo kwa baridi ya huku juu, lakini ndizi anakula kama kijana, na mama mkwe bado anakamua ng'ombe wake mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Nina habari ya trekta, na najua ukisikia trekta utaenda kutafuta miwani. Kikundi chetu cha akina mama kina trekta moja kuukuu. Huku juu kila nyumba ina kihamba chake cha migomba na kahawa, lakini mahindi na maharage tunalima chini, tambarare, kwenye udongo mweusi. Udongo ule ukishalowa, trekta linazama hadi ekseli. Usipolima kabla ya masika, mwaka huo unanunua mahindi sokoni.

Mwezi huu trekta likaanza kuvuja dizeli pale bomba la mafuta linapoungana na filta. Linawaka, linakohoa, linazima. Tukamwita Meku Anaeli, fundi wa hapa kijijini. "Meku" ndivyo wanavyomwita mtu mzee. Akafungua, akasafisha, akafunga. Akaniambia, "Mwalimu, usiguse. Imeshika."

Unanijua. Nimesoma vitabu vingi mno kuweza kumwamini mtu anayeniambia nisiguse. Alipoondoka nilichukua spana nikaikaza bolti ya bomba nusu mzunguko zaidi, kwa usalama. Jumapili baada ya ibada tukaliwasha mbele ya kikundi kizima, na dizeli ikachuruzika kuliko mwanzo. Nikamgeukia Meku Anaeli, wanawake wote wakisikia na mchungaji akipita, nikamwambia ametufungia takataka, na kwamba nchi hii imekwama kwa sababu ya mafundi kama yeye. Nilikuwa na hoja ya pili na ya tatu. Hakuzisubiri. Alifuta mikono, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Jumatatu nilifungua mwenyewe. Kaka, washa ya shaba, ile pete inayoziba kiungo kisivuje, ilikuwa imepondeka na kupasuka upande mmoja, na kichwa cha bolti kilikuwa na makovu mapya. Spana yangu haikikai vizuri kichwa kile, yake inakikaa. Makovu yalikuwa yangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Mawingu yale unayaona?"

"Nayaona, mama."

"Basi kalime kwa mdomo. Au chukua isale uende kwa Meku."

Isale ni lile jani refu la kijani wanalolipanda mipakani. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, mila haimruhusu kukataa kukusamehe. Na mimi, kaka, ndiye niliyeandika gazetini kwamba jani hilo ni pazia: mume anampiga mkewe, analeta jani, wazee wanafunga kesi, na hakuna aliyetaja kosa. Sijafuta hata neno moja. Nilizunguka migombani siku nzima nikitafuta njia nyingine, na Jumanne nikalikata jani, nikateremka nalo barabarani watu wote wakiniona.

Meku Anaeli alikuwa anapalilia kahawa. Alilitazama jani, akanitazama.

"Si wewe uliyeandika kwamba hili ni la kuwaficha wakosaji?"

"Ni mimi."

"Binti yangu alinisomea. Nikasema, huyu mwanamke ana mdomo mchafu, lakini hapa amesema kweli." Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mila ndiyo inavyotaka. Kutaja kosa, hilo umelitaka wewe. Utalitaja palepale uliponitukania."

Hoja zote zilikuwa upande wake, na mimi ndiye niliyezipanga.

Jumatano asubuhi akina mama walikusanyika. Nikasimama kando ya trekta nikasema: "Meku alifunga vizuri. Mimi niliongeza spana, nikaharibu, halafu nikamtukana." Yalinitoa jasho kuliko makala nzima.

Mwenyekiti wetu, Mama Aikande, akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna hoja ya pili?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Meku akatoa washa mbili za zamani mfukoni, akazichoma kwenye makaa mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini, shaba ikalainika, kama ulivyokuwa unafanya wewe kwenye karakana ya misheni. Akaweka moja kila upande wa kiungo. Kisha akanipa spana yake. "Kaza. Nikisema basi, ni basi."

Alisema basi mapema mno kwa maoni yangu. Nikaacha. Nikapampu mafuta kwa mkono mpaka mapovu ya hewa yakaisha kwenye filta. Injini ikawaka, ikaendelea kuunguruma, na pale kwenye bolti pakabaki pakavu.

Tulilima Jumatano hiyo, tukalima Alhamisi, tukalima Ijumaa. Siku mbili nilizozipoteza hazikurudi, kwa hiyo niliomba shamba letu liwe la mwisho. Mvua ilishuka Ijumaa alasiri likiwa limebaki hilo tu. Sasa tunalilima kwa jembe mimi na shemeji yako, na ukiona mwandiko umepinda, ni malengelenge. Sijalalamika. Shemeji yako anasema katika ndoa yetu hii ndiyo mara ya kwanza, na anaomba mvua iendelee.

Mpe mkono wifi, na umwache akukande huo mgongo. Mpelekee shikamoo yangu mama mdogo, ambaye haachi kuniombea nipunguze ukali, na mzee katekista aliyenifundisha kusoma, ambaye huenda anajuta.

Mimi mdogo wako nikupendaye na kukubishia,

Skolastika