Kwa Nini Mama Aliniita Jirani

Mjukuu wangu Muhonja,

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili. Sisi hapa Navakholo hatujambo. Mahindi yametoa mbelewele. Uliuliza kwa nini mama yangu, hadi uzeeni, alinikaribisha kwa kusema, "Karibu, jirani!"

Mwaka wa uhuru nilikuwa mwalimu mpya Khayega. Mama alikuja kwa miguu, bila viatu, akiwa na kuku kwapani, akanikuta na walimu wenzangu waliovaa tai.

"Huyu ni nani?" wakauliza.

"Ni jirani yetu wa nyumbani," nikajibu.

Mama alisikia. Akanikabidhi kuku, akasema, "Mwalimu, mama yako anakusalimu. Anasema ule, umekonda kuliko chaki yako!" Wote wakacheka, naye akaondoka akicheka. Kuku alipopikwa, wenzangu walinipa firigisi, kipande cha heshima. Niliirudisha sahanini.

Mama hakunikemea kamwe. Ndugu zangu hudhani lile neno lilikuwa mzaha tu, nami nilicheka pamoja nao miaka yote. Sikumwomba msamaha.

Ulisema unataka kulisoma jibu langu mbele yao siku ya kumkumbuka mama. Nikishaamua kama nikuruhusu, nitakuandikia.

Babu yako