Rangi ya Kucha Kwenye Krosova

Karakana ya Redio za Magari,
Nyuma ya duka la matairi.
Jumapili mchana, nikiwa nyumbani.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Ujumbe wako nimeupata. Unanitaka nimwombe radhi Baba Mdogo ili yaishe. Nakuheshimu, lakini umesikia upande mmoja tu. Kaa kitako nikusimulie.

Gari ya yule dereva teksi niliifanya mimi. Nilijikunja kwenye buti na bisibisi, nikaiweka krosova igawe sauti kama marehemu Baba alivyotufundisha: sauti nzito iende kwenye sabufa, ya kati ibaki milangoni, nyembamba ipande kwenye vispika vya twita, kila spika ibebe mzigo inaouweza. Kisha nikapiga ule mkanda wa sauti ya Mama akituita tuje kula, ambao Baba aliutumia kupima kila gari. Siku hizi nimeuhamishia kwenye flashi. Mama alitoka safi, utadhani amekaa kiti cha mbele anatafuta wa kumgombeza. Ndipo nikazitia skrubu za krosova tone la rangi ya kucha nyekundu. Unajua sheria ya Baba: rangi ikishakauka, hakuna mkono mwingine unaogusa.

Nilipotoka kwenda kununua waya, Baba Mdogo akaibandua rangi ile. Dereva alitaka mdundo zaidi, na Baba Mdogo hajui kumwambia mteja hapana. Akaifungulia sauti nzito yote iingie kwenye spika ndogo za milangoni. Ilidunda kweli, vioo vikatikisika, dereva akaondoka anacheka. Kesho yake alirudi spika zimepasuka, zinakoroma.

Hapo Baba Mdogo akaninyooshea kidole mbele ya mafundi wote, akasema haya ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke bisibisi. Damu ilinichemka, Kaka. Nikaitazama bisibisi yake mwenyewe, ncha ilikuwa bado nyekundu. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Baba Mdogo, rangi yangu iko kwenye bisibisi yako." Dereva alitazama viatu vyake.

Sasa ametoa sharti. Kesho asubuhi nimwambie dereva, mafundi wakisikia, kwamba kosa lilikuwa langu. La sivyo nirudishe funguo nisikanyage tena pale, karakana aliyoijenga baba yetu.

Kwa kumpazia sauti mbele ya mgeni nitamwomba radhi, kwa sababu ni baba yangu na amenilea. Ila kosa lake sitalivaa, na funguo sitoi. Nitafungua mlango kama kawaida, nitafunga spika mpya, nitaiweka krosova upya na kuipaka rangi macho yake yakiona. Akitaka nitoke, anitoe kwa mikono yake. Na wewe ukitaka kunigombeza, panda basi uje, utanikuta kwenye buti ya gari.

Wasalimie wifi na wanangu wote wawili. Yule mkubwa mwambie shangazi yake bado anamsubiri aje ajifunze kuunga waya. Mungu awafunike huko mliko.

Nilikuwa nataka kufunga barua hapa, lakini kuna jambo la Mama. Tangu ugomvi utokee hajasema lolote, nikadhani naye ananilaumu, na hilo liliniuma kuliko maneno ya Baba Mdogo. Leo asubuhi nililalamika kwamba chupa yangu ya rangi imekauka. Akajitanda khanga akatoka. Sasa hivi amerudi, ameweka chupa mpya juu ya meza, karibu kabisa na mkono wangu unaoandika.

Amesema, "Nimemuuliza muuzaji. Hii haibanduki upesi."

Mdogo wako akupendaye, na asiyebanduka,
Sikio