Sauti Isiyo Kelele

Goma, Jumanne, mwezi wa kumi 1959. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi imeniingia mpaka vidoleni.

Leo darasa letu lilichagua kapita, kiongozi wa wanafunzi. Miaka yote Padri, mwalimu wetu, alimteua mwenyewe. Safari hii alisema kwa Kifaransa kwamba kila mmoja atatoa "voix" yake. Tukaelewa sauti. Tukatoa sauti kwelikweli.

"Kambale! Habimana! Kambale!" Madawati yaligongwa hadi wapishi wakatoka jikoni. Kambale, mwenye kifua kipana, alijiita mwenyewe kwa nguvu kuliko wote. Mimi nilitamka "Bahati", na hata Bahati, ninayekaa naye benchi moja, hakusikia.

"Weye, unalia kama mbu!" Kambale akanicheka.

Padri alicheka hadi machozi, kisha akaeleza: voix hapa ni kura, chaguo la mtu, si kelele. Kesho tutarudia. Kila mmoja atasimama, ataje jina na sababu.

Kusimama! Mimi!

Nimefikiria sana somo la filozofia la wiki iliyopita. Fenomenolojia. Neno refu, lakini Padri alilifupisha: weka kando uliyoambiwa juu ya kitu, useme kinavyokutokea wewe. Akatuambia tuchore mlima wa moto wa Nyiragongo bila kutoka darasani. Sisi wa mjini tulichora mlima mdogo, mbali, na moshi wake. Bahati, anayetoka Kibati, chini kabisa ya mlima huo, alichora mlima uliojaza karatasi yote.

"Uliona wapi mulima ya vile?" tulimuuliza.

"Kwetu. Iko hapa juu ya mashamba."

Hakuna aliyekosea. Lakini hakuna aliyeuona wote.

Basi anayeamua peke yake anaamua kwa upande mmoja tu, awe Padri, awe Muzungu mkubwa wa serikali. Papa, baba yangu, anasema karibuni hata nchi itachagua wakubwa wake. Mimi nikinyamaza, upande wangu hautakuwepo, na hakuna mwingine aliyekaa pale ninapokaa.

Nimeona nini mimi? Bahati ndiye anayefuta ubao. Kila siku, kabla hajafuta, hugeuka na kumngoja wa mwisho amalize kunakili. Mara nyingi wa mwisho ni mimi.

Kesho nitasimama. Nitalitaja jina lake na nitasimulia habari ya ubao. Kambale akishinda baada ya hapo, nitamtii. Lakini atakuwa amenisikia.