Milimita Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza kikombe cha Mpishi. Nikakirudia. Nimekimaliza tena. Kikombe, ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia inayomeza gutu la mguu uliokatwa, ndicho roho ya kazi yote. Mengine ni mapambo. Kikibana pasipotakiwa, umemvalisha mtu pingu.

Leo ameujaribu. Alisimama kati ya vyuma viwili vya mazoezi, akapiga hatua sita, akapiga na kelele – karakana nzima ikageuka! "Fundi, nipe niondoke nao hivi hivi!" Ana miaka hamsini na moja. Anapikia bweni la shule, watoto mia tatu, na tangu lori lirudi nyuma na kumsaga mguu wa kulia mwezi wa saba, hajasimama mbele ya sufuria. Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo. Mwalimu mkuu amemwambia nafasi yake ipo, ila aonekane siku ya kwanza. La sivyo, yule aliyeushikilia mwiko kwa muda ataushika moja kwa moja.

Yeye alikuwa anacheka. Mimi nikaona nyonga. Upande wa kulia unashuka kidogo anapokanyaga. Nikapima. Milimita tatu! Nikamwambia aje Alhamisi.

Akasema hasikii kitu. Utasikia baada ya mwezi, nikamwambia.

Chapchap – tunamwita hivyo kwa sababu anatoa miguu miwili mimi nikiwa bado kwenye mmoja – akapita na kusema hata sisi tuliozaliwa na miguu yetu, hailingani. Haraka haraka haina baraka, nikamjibu. Na chelewa chelewa je? akauliza. Wahenga wenyewe hawakuelewana!

Nilicheka. Lakini milimita tatu ni milimita tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Alikuja saa mbili asubuhi na mdogo wake wa kike. Viatu vipya. Kimoja kavaa, kingine kakibeba kwenye mfuko, cha mguu mpya.

Mguu haukuwa tayari. Jana nilizitoa zile milimita tatu. Halafu nikaona ukingo wa nyuma ya goti haujalainika, nikaukata. Ukawa mfupi kuliko ninavyopenda. Basi nikakivunja kikombe chote ili nianze na plasta upya. Hakuna aliyenituma.

Ningeweza kumwambia hivyo. Nikasema plastiki haijafika kutoka bohari.

Uongo wenyewe ulitoka laini, kama nimeufanyia mazoezi! Plastiki ipo. Mabamba kumi na moja yamesimama nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka pale alipokaa.

Akauliza lini. Jumatano ya tarehe kumi na tisa. Na shule? Mpigie mwalimu mkuu umweleze, nikasema, ataelewa. Akaukunja ule mfuko wa kiatu taratibu. Akasema, "Haya fundi. Wewe ndiye unayejua."

Mdogo wake aliyatazama magongo ya dada yake, akanitazama mimi.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu ukweli ulikuwa mdogo mno. Mguu wako unafaa, dada, ila mimi haujaniridhisha. Nani ataweza kumwambia hivyo mtu aliyebeba kiatu mkononi?

Jumapili, 9 Machi

Nimepanga kabati la vyombo mara mbili. Mama alikuwa anachambua dengu mezani, akaniuliza nina nini. Sina kitu.

Mama ana hadithi yake anayowapa wageni: eti nikiwa mdogo nilikuwa naosha viatu kabla ya kwenda kucheza kwenye tope. Anaisimulia kwa fahari. Leo nimejiuliza, wenzangu walikuwa wanafanya nini wakati mimi naosha? Walikuwa wanacheza.

Kesho shule inafunguliwa.

Jumatano, 12 Machi

Ameanguka.

Mdogo wake alipiga simu karakana saa tano. Kumbe Jumatatu alikwenda kazini na magongo. Jumanne pia. Alikuwa anaegemea meza kwa nyonga na kukoroga kwa mkono mmoja. Leo sakafu ilikuwa na maji, gongo likateleza, akashika sufuria badala ya meza. Maji yalikuwa yanachemka. Paja la kushoto. Na mkono wa kushoto umevunjika karibu na kiganja.

Mdogo wake hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu. Aliuliza tu kama plastiki imefika, maana dada yake ameiulizia mle mle ndani ya gari la wagonjwa.

Imefika, nikasema.

Uongo wa pili juu ya wa kwanza. Tofali juu ya tofali!

Alhamisi, 13 Machi

Sikufanya kazi. Nimechora jedwali. Sababu za ajali, moja moja, na asilimia zake. Sakafu yenye maji. Raba ya gongo iliyokwisha. Mwalimu mkuu na sharti lake. Mpishi mwenyewe na ubishi wake. Lori, nalo nimeliweka! Mimi nikajipa kumi na mbili.

Kumi na mbili. Nilianza na arobaini. Nikafikiri, nikapima, nikawa na hoja – hoja nzuri kabisa, yeyote angezikubali – nikashuka hadi ishirini na tano, hadi kumi na nane, hadi kumi na mbili. Ningepewa saa moja zaidi ningefika sifuri, na hapo Mpishi ndiye angekuwa na deni la kuniomba radhi.

Akili hii hii wanayoisifu. Nainoa kwa ajili ya miguu ya watu, halafu naitumia kujikatia njia ya kutorokea.

Jedwali nimelichana. Hapana, sijalichana. Liko chini ya daftari hili.

Najua ugonjwa huu ulianzia wapi. Kwa Tarishi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, miaka kumi na moja sasa. Mzee mpole aliyepeleka barua maisha yake yote, mwenye ugonjwa wa sukari. Alikuwa anasafiri kesho yake, ana haraka. Niliona wekundu nyuma ya gutu lake, mdogo tu kama punje ya mahindi. Nikasema ngozi itazoea. Kwa ile sukari yake hakusikia maumivu. Wiki sita baadaye alirudi na kidonda kilichooza, wakamkata tena, juu ya goti. Akaniambia, "Usijali binti yangu, ni bahati mbaya." Haikuwa bahati mbaya. Niliona.

Tangu siku ile napima. Na tangu siku ile hakuna aliyerudi kwangu na kidonda. Hata mmoja! Mkuu wa karakana akileta wageni huwasimamisha mezani kwangu: huyu hatoi kitu mpaka kikamilike. Sasa hiyo si sifa? Kuna watu wanapanda ngazi leo kwa sababu mimi sikulala – ndiyo, najitetea. Lakini ni kweli pia.

Tarishi nilimwumiza kwa kuharakisha. Mpishi kwa kuchelewesha. Mara zote mbili nilitaka kitu kimoja: nionekane fundi mzuri. Wa kwanza nilitaka asinikasirikie. Huyu wa pili nilitaka asione kasoro, hata ile asiyoweza kuiona.

Ijumaa, 14 Machi

Mguu umekamilika. Niseme umekamilika. Nimeufunika kwa kitambaa ili nisiuangalie.

Chapchap aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, jambo ambalo si kawaida yake, yeye huwa hakai. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nilimwambia yule mama kwamba plastiki hakuna. Alinisikia siku ile. Alikuwa nyuma ya mashine.

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilijua una sababu," akasema. "Wewe huwa una sababu."

Halafu akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu: miguu yake minne imerudishwa mwaka huu. Mmoja ulimpasua mtoto ngozi. Anaogopa kuangalia karibu, akasema, maana akianza kuangalia ataona, na akiona hatamaliza. Mafundi wawili, mmoja anaona mno, mmoja anafumba. Ungetuchanganya kwenye ndoo moja ungepata fundi mmoja wa maana.

Sijui kama alikuwa ananifariji au ananishitaki.

Jumapili, 16 Machi

Wodini. Kitanda cha dirishani. Paja limefungwa, mkono una plasta – nimeikagua kabla sijamsalimia, imefungwa vizuri.

Alifurahi! Akawaambia wagonjwa wenzake, huyu ndiye fundi wangu, mkono wake wa dhahabu. Mmoja akauliza kama natengeneza na magoti.

Halafu akanishika mkono. "Nisamehe, fundi. Uliniambia nitulie, nikajifanya sikio la kufa. Sasa nimekuvurugia kazi yako."

Yeye ananiomba msamaha mimi.

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Mdogo wake akaingia na chupa ya chai, akanisogezea kiti, akaniuliza nanywa na sukari ngapi. Nikasema mbili. Hicho ndicho nilichosema! Nilikwenda kuungama, nikaungama vijiko viwili vya sukari.

Kazi yake amepewa yule mwingine, hadi mwisho wa muhula. "Baada ya hapo tutaona," mwalimu mkuu alimwambia. Mpishi aliirudia kauli hiyo akitazama dirishani.

Jumanne, 18 Machi

Barua. Nimeamua kumwandikia. Rasimu ya saba. Niseme "nilikudanganya" au "sikukuambia ukweli"? La kwanza kali, la pili la kiwoga. Aya ya tatu inajitetea. Nikiitoa, sababu haionekani. Nikiiacha, nanuka visingizio. Nimehamisha sentensi moja mara tano.

Mama akauliza naandika insha ya nani. Basi nikamwambia yote, nimesimama pale mlangoni mwa jiko kama mtoto aliyevunja sahani. Tarishi pia. Hajawahi kumsikia Tarishi.

Nilidhani atanitetea, ni mama yangu. Akasema, "Mdomo ndio uliodanganya. Barua inatafuta nini hapo? Nenda na mdomo."

Halafu, nikiwa nimegeuka: "Na mimi nimekusifia mno vile viatu."

Ijumaa, 21 Machi

Sikwenda. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kuanza.

Jumatatu, 24 Machi

Karuhusiwa kutoka. Anakuja Ijumaa kuvaa. Nimekunywa maji glasi tatu tangu nipate habari hii.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nje ya karakana. Saa nne na dakika chache.

Nimemwambia. Kabla ya kumvalisha, mdogo wake akiwepo, Chapchap akiwepo. Sikuwa na karatasi. Plastiki ilikuwepo, nikasema, nyuma ya mlango huo hapo, siku ile ile. Mguu ulikuwa unafaa. Ungeweza kuondoka nao Jumatatu ile ya kwanza. Mimi ndiye sikuridhika – nikauvunja – na nikaogopa kukuambia.

Nilisema vibaya. Nilikohoa katikati, "mguu" nikautaja kama mara nne, na neno "samahani" nikalisahau, nikalirudia mwishoni kama mtu aliyesahau mwavuli.

Mdogo wake alisimama. "Dada yangu ameungua," akasema. Hayo tu, akatoka nje. Mlango hakuubamiza.

Mpishi alitazama nyuma ya mlango. Yale mabamba yamebaki tisa. Nilimwona anayahesabu. Sijui alikuwa anafikiri nini, uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama wa mtu anayesoma maandishi madogo.

Kisha akanyoosha gutu. "Nivalishe."

Nikamvalisha. Soksi, kikombe, mkanda. Nikachukua kipimo cha nyonga.

"Weka chini hicho."

Nikakiweka chini.

Akasimama kwa kushikilia reli ya ukutani, mkono wake mzima. Akavuta pumzi. "Sasa sikiliza, mdogo wangu." Hajawahi kuniita hivyo, huniita fundi. "Natoka, nakwenda hadi ile kona na kurudi. Wewe utakaa kwenye benchi. Usinifuate. Usinitazame nyonga. Nikirudi ndipo nitakupa neno langu."

Nikamwambia sakafu ya kule – akanitazama, nikaenda kukaa kwenye benchi.

Nimetoa daftari ili macho yapate kazi. Milango sita, halafu kona, halafu sehemu ya kujazia fomu. Reli inaishia pale konani. Nasikia tu. Mguu wake, mguu wangu. Mguu wake, mguu wangu. Si wangu! Yote miwili ni yake.

Mlango wa nne. Wa tano. Mwendo hauko sawa, wa kulia unachelewa kidogo. Au anaogopa tu. Au ni paja lililoungua. Sitatazama.

Amefika konani. Hakugeuka. Amepita! Nilisikia kiatu kipya kikilia kwenye vigae vya upande wa pili, ambako hakuna reli.

Hatua nane. Tisa.

Zimesimama.

Amepumzika? Kakutana na mtu? Hakuna kishindo. Hakuna sauti ya mtu. Najua sababu saba za mgonjwa kusimama ghafla na tatu kati yake si mbaya. Nimehesabu hadi thelathini. Nimehesabu tena. Chapchap amechungulia mlangoni, ananiuliza kwa macho – aende yeye?

Nimemwonyesha kwa kiganja: ngoja.

Bado kimya.