Ndimu Tano za Bi Hindu

Langoni, Amu
Jumapili, 14 Septemba 2025

Nimeshinda! Sumeiya, mamako ameshinda! Wa kwanza, mbele ya watu wote, na filimbi iko shingoni mwangu hivi ninavyoandika!

Haya, sasa nikuamkue kama mtu mwenye adabu. Mwanangu, u hali gani? Mgongo umepoa? Fahmi hajambo? Na wajukuu zangu, wanakula au wanachezea sahani? Huku kwetu alhamdulillahi, ila babako na goti lake, na goti hilo lina miaka mingi kuliko wewe. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe husema "Mama, treni inaondoka," ukakata. Barua haikatwi. Nimempa Husseini wa basi, pamoja na halwa.

Yale mashindano ya treni ya Mwalimu Kariuki yalifanyika jana, ukumbi wa shule. Wewe ulicheka, ukasema watu wa kisiwa cha Amu watajenga treni ya nini, nti yetu haina reli hata shibiri moja. Basi tulijitokeza watu kumi na mmoja, wazima na akili zetu. Masharti nakukumbusha ili ujue nilivyoyaweza. Kila mtu alipewa mota ndogo, zile Mwalimu alizozing'oa kwenye redio mbovu za kanda, na betri mbili. Vingine vyote ni vya kuokota nyumbani au ufuoni, na ukinunua kitu kisizidi shilingi mia mbili. Mimi nilinunua gundi tu. Treni iwe na mabehewa matano, kila behewa libebe ndimu moja, izunguke reli ya waya aliyoipigilia Mwalimu juu ya mbao. Pale penye nguzo pana kona, kona kali hiyo! Ndimu zitakazofika salama ndizo alama zako. Zawadi si pesa. Ni filimbi ya marehemu babake Mwalimu, aliyekuwa gadi wa treni, mwenye kuiruhusu iondoke, huko kwao bara. Mshindi hukaa nayo mwaka mzima.

Yangu niliijenga kwa kopo la maziwa ya unga na makopo ya samaki. Magurudumu ni vifuniko vya soda, nimevibandika vipande vya ndara ili visiteleze. Niliipaka rangi nyekundu iliyobaki mlangoni. Babako aliiangalia akasema, "Bi Swafiya, hili likipata abiria nami nipo."

Sasa sikiza. Fadhil, yule fundi wa mashini za boti, aliwaambia wote kwamba mashini hukaa nyuma. "Chombo husukumwa, hakivutwi," ndivyo alivyosema, na nani huku amshinde Fadhil kwa mashini? Wakaamini. Mwalimu akasema tu kila mtu ajitafutie, ndiyo raha yenyewe. Mimi nikakuuliza wewe, ukaniambia kichwa cha treni ni mbele, kinavuta, kikisukuma mabehewa mepesi kwenye kona yatajikunja. Nikaweka mbele, nikafunika na leso ili majirani wasione.

Bi Hindu akaja kutoka Shela, wiki moja kabla. Akakaa jikoni kama kawaida yake, akaniuliza, "Swafiya, mimi Fadhil simwamini sana. Wewe ndiye mwenye mtoto wa treni. Mashini hukaa mbele au nyuma?" Nikamwambia, "Nyuma, kama boti." Sasa hapo uongo uko wapi? Boti si nyuma?

Treni yake ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mapazia ya leso madirishani, na paa amelishona kwa kofia kuukuu ya mumewe, vito vyote vya kofia, vile vitundu vya kushonwa kwa mkono, vinaonekana. Watu wakasema mashallah. Ikaenda vizuri mpaka kwenye nguzo, mabehewa yakajikunja kama ngisi, ndimu zote tano chini! Ukumbi mzima ulicheka. Yeye pia alicheka. Fadhil alipata ndimu tatu, Ruba wa duka la vitambaa akapata mbili. Yangu? Tano! Mwalimu akaniuliza, "Mama, umejuaje?" Nikamjibu, "Mwenye mtoto anayeendesha treni hafundishwi treni."

Leo Bi Hindu hakuja kunywa kahawa. Ana shughuli zake labda.

Filimbi hii ukiipuliza dirishani punda wote wa mtaa husimama.

Mamako mshindi

*

Miritini, Mombasa
Jumamosi, 20 Septemba 2025

Mama, shikamoo.

Mgongo afadhali, na watoto wanakula. Wamemaliza halwa kabla sijakata kipande changu. Fahmi anakupongeza na anauliza kama unaajiri. Mpe baba pole ya goti.

Hongera, mama. Nimesoma barua kwa sauti kwenye chumba chetu cha mapumziko na wenzangu wakapiga makofi. Walipiga mpaka pale pa Bi Hindu. Hapo nikapunguza sauti, halafu nikaikunja barua.

Kwanza, mimi siendeshi treni. Nimekuambia mara ngapi? Natembeza chai na maji, na nasaidia wazee kupata viti vyao. Kazi naipenda, lakini usukani siujui ulipo.

La pili nimelifikiria siku tatu kabla ya kuliandika. Mama, kuniuliza mimi hukukosea, kila mtu aliruhusiwa kutafuta. Na kufunika na leso ni utani wa mashindano. Lakini Bi Hindu hakuuliza boti. Alikuuliza treni, na alikuuliza akiwa jikoni kwako.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku niliyoondoka kuja kwenye mahojiano ya kazi, unakumbuka tuliagana mlangoni kwa sababu ulikuwa na homa? Nilishuka gatini kupanda boti nimevaa buibui jipya, na miguuni ndara, moja ya buluu na moja ya kijani. Viatu sikuwa navyo na sikutaka kukuambia, ulikuwa umeshauza cherehani kwa nauli yangu. Bi Hindu alikuwa anateremka kwenye boti ya Shela. Alinitazama miguu. Akakaa pale kwenye ngazi, akavua viatu vyake vyeusi, vipya, alivyonunua kwa harusi ya mwanawe iliyokuwa inakuja, akanivisha. Akavaa ndara zangu akarudi nazo kwao. Akaniambia, "Usimwambie mamako. Atajilaumu kwamba hakuona."

Viatu hivyo ndivyo nilivyovaa mbele ya wale walioniajiri. Mpaka leo navaa kazini siku za sikukuu.

Sikuandiki kukuhukumu. Wewe ndiye mama yangu na kila ninachokijua kuhusu haki nimekijua kwako. Ulinirudisha dukani usiku wa mvua nirudishe chenji iliyozidi. Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Mwanao, Sumeiya

*

Langoni
Jumapili, 28 Septemba 2025

Sumeiya,

Salamu zako zimefika. Sisi wazima. Goti vile vile.

Barua yako nimeisoma. Mashindano ni mashindano. Kwani Bi Hindu hana ulimi wa kumuuliza mtu mwingine? Kulikuwa na Fadhil, kulikuwa na Mwalimu, kuna hizo simu ambazo watoto huuliza kila kitu. Na treni yangu ilijengwa vizuri, hata mashini ingekaa yuu ya paa ingefika. Watu wamekuja kuniuliza kama nitafundisha. Mimi nimechoka kidogo, nina mafua, sitaandika mengi.

Halwa hii ni ya watoto, wewe usiile yote.

Mamako

Vile viatu vilikuwa vya kamba au vya kifungo?

*

Miritini
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mama, shikamoo, na mafua yawe yamekwisha.

Vilikuwa vya kifungo, mama. Nilikujibu siku ile ile, sijui kama Husseini alikufikishia kile kikaratasi.

Halwa imekuja mara mbili bila barua. Mara ya kwanza nilidhani umesahau. Mara ya pili nikatafuta mpaka chini ya majani ya mgomba. Nikipiga simu, baba anasema umelala, na ni saa tano za asubuhi. Wewe na saa tano za asubuhi na usingizi, wapi na wapi? Nilimuuliza kuhusu filimbi, akasema haijalia mtaani siku nyingi, na punda wanatembea bila wasiwasi.

Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Nisingependa ushindi wako ugeuke huzuni kwa sababu ya kalamu yangu. Niandikie hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka, bora nione mwandiko wako.

Watoto wametengeneza treni ya maboksi. Mdogo, aliyenisikia nikimsomea Fahmi barua yako ya kwanza, ameweka mashini nyuma. Nikamuuliza nani kamfundisha, akasema, "Bibi."

Mwanao, Sumeiya

*

Langoni, Amu
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mwanangu kipenzi, mimi mzima wa mwili, na sasa mzima wa roho pia. Wewe je? Fahmi je? Huyo mdogo mwambie bibi amekosea, aitoe mashini aiweke mbele.

Kikaratasi kilifika. Niliposoma "vya kifungo" nilikaa. Mimi viatu vile navijua. Nilikuwa naye siku anavinunua, akasita dukani kutwa nzima kwa bei yake, mimi ndiye niliyemwambia chukua, mwanao haoi mara mbili. Halafu siku ya harusi akaja na champali zake za kila siku. Nikamtania mbele ya wanawake! Nikamwambia, "Hindu, umevihifadhi viatu uzikwe navyo?" Naye akacheka tu. Sumeiya, kile kicheko ndicho hicho hicho alichocheka ndimu zilipoanguka.

Basi nikawa silali, na mchana naogopa mlango ukibishwa. Filimbi nikaitia kwenye mtungi wa mchele.

Alhamisi nikaitoa nikaenda Shela. Boti zilikuwapo, vijana wakaita, "Bi Swafiya, panda!" Nikaona haya kupanda. Nikaenda kwa miguu, ile ndia ya ufuoni, jua la saa sita, buibui limenishika mwilini. Nilipofika Bi Hindu akanikaribisha sebuleni. Sebuleni, Sumeiya! Miaka thelathini na zaidi mimi huingia kwake moja kwa moja mpaka jikoni nikafunua sufuria. Akaniletea kahawa kwenye kikombe cha wageni, kile chenye mstari wa dhahabu. Akaniuliza, "Bwana Wazir goti lake vipi?" kama watu waliokutana msibani.

Nikaweka filimbi mkekani. Nikamwambia, "Hindu, nilikudanganya. Nilijua mashini ni mbele. Sumeiya aliniambia."

Akasema, "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ndimu ya kwanza ilipoanguka. Hukuniangalia. Wewe mtu akianguka huwa wa kwanza kumcheka."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja nione utakuja kwa miguu au kwa boti."

Nikalia, mwanangu, mimi mtu mzima, machozi kwenye kikombe cha dhahabu. Nikamuuliza na habari ya viatu. Akajibu, "Viatu gani?" Nikamwambia vyeusi, vya kifungo. Akasema, "Mimi mtu wa ndara, mamangu, viatu vyeusi nitavipeleka wapi?" Akainuka akakichukua kile kikombe mkononi mwangu. "Lete hicho, kitavunjika bure. Twende jikoni, wali unaungua."

Lakini hilo lilikuwa lake na langu. Wengine nao niliwakosea, maana wote walinitazama kama mjuzi. Ijumaa baada ya sala Mwalimu alituita ukumbini tupange mashindano ya mwakani. Nikasimama. Nikapuliza filimbi ili wanyamaze, ikatoka vumbi la mchele. Nikawaambia yote, na nikawaambia pia kwamba wewe huendeshi treni, unatembeza chai. Unajua walisema nini? "Tulijua!" Ukumbi mzima! Swafiya Langoni, miaka mitatu najisifu kwa watu wanaojua.

Fadhil akacheka mpaka akapaliwa. "Mwacheni Bi Swafiya," akasema. "Yeye alidanganya mtu mmoja. Mimi nilidanganya kumi, tena bila kujua, na kwangu mimi fundi hiyo ndiyo aibu kubwa." Mwalimu akaikataa filimbi nilipomrudishia. Alisema babake alikuwa akiipuliza treni ianze safari, hakuwahi kuipuliza kumfukuza abiria. Akauliza tufanyeje. Bi Hindu akanyoosha mkono: "Turudie. Kila mtu sasa anajua mashini ni mbele, tuone nani ana mikono na nani ana mtoto."

Wakapiga makofi. Mota zile zile, betri mpya mbili mbili, ndimu tano. Mimi nikaomba niende wa mwisho, kona ikiwa imeshalegezwa na wenzangu. Wakakataa. Bi Hindu akasema, "Hakuna cha mwisho. Kura." Basi ni kura.

Na tumefanya kazi pamoja, yeye na mimi, jikoni kwangu, tangu jana asubuhi. Yake nimemhamishia mashini mbele, na hiyo yangu ameishonea paa la kofia, maana alisema treni yenye kichwa wazi haina heshima. Mwalimu amekuja, akatazama treni mbili meza moja, akauliza mashindano yako wapi hapo. Tukamwambia yako kwenye kona.

Nitashinda, Sumeiya. Inshallah. Safari hii nakwambia mapema na bila leso. Na kama nikishindwa na lile pazia na lile paa, nitapiga kelele kuliko mshindi.

Kuna sharti moja tu la Bi Hindu, na wote wameliafiki. Hataki filimbi ipulizwe na mimi wala na Mwalimu. Anataka ipulizwe na mtu wa treni, aliyevaa nguo zake za kazi. Nikamwambia, "Na miguuni?" Akageuza uso akasema, "Avae anavyotaka." Wewe unajua utavaa nini.

Kwa hiyo omba ruhusa sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii. Mwambie Fahmi naye aombe. Chumba cha juu nimekifagia, mkeka nimeuanika. Treni ya maboksi ije pia, Mwalimu amesema wajukuu wataingia kwenye fungu lao. Tunawangoja nyote, wewe, mumeo na watoto, ukumbi wa shule, Langoni, saa kumi za jioni, siku ya Jumamosi, tarehe kumi na tano Novemba.

Mamako