Maneno ya Daktari Niliyomgeuzia Dani

Wodi ya mifupa, Nairobi
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Marwa mdogo wangu, nikitumaini kwamba kikohozi chake kimepoa na mgongo wako haujakulaza. Mimi ni mzima kwa upande wa kuongea na kulala. Upande mwingine nitakueleza humu ndani. Vipi kibanda? Lile turubai limezuia mvua? Na yule mzee wa mbuzi anayelalamika kwamba chai yako ina majani mengi, bado anakuja siku za soko na kuinywa mpaka tone la mwisho? Huwa nafikiria Ogwedhi siku ya soko, vumbi la ng'ombe, na wewe ukigeuza chapati kwa vidole bila kuungua, halafu kwa muda kidogo nasahau niko wapi.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ya Shangazi Akoth iko. Lakini kwa simu unanijua. Unauliza, "Robi, uko aje?" nasema niko sawa. Unauliza tena, nanyamaza, unafikiri laini imekatika. Kuna jambo nimejaribu kukuambia kwa simu mara nyingi, na kila mara niliishia kuuliza habari ya kuku. Sasa naliandika, na barua itakuja kwa basi la kesho ikufikie mapema. Tafadhali usisome ukiwa unahudumia wateja. Funga kibanda kwanza, ukae.

Nianze na habari za hapa. Kemo ya nne imeisha. Nywele zilishaenda zote, sasa hata nyusi zimeenda, uso umebaki kama yai. Navaa kile kitambaa chako cha bluu, na sista mmoja wa hapa ananiita Mama Mchungaji. Akipita asubuhi anasema, "Mama Mchungaji, leo tunahubiriwa nini?" Mimi naficha uso kwa shuka. Vidonda vya mdomo vimepungua, naweza kunywa uji ukiwa umepoa. Mguu umevimba kuliko siku ile uliyoniona mara ya mwisho, ngozi inang'aa, na hapo juu ya goti imeanza kufunguka. Harufu yake hainifurahishi. Shangazi anasema hasikii kitu, lakini siku hizi anakaa upande wa dirisha.

Kitanda cha karibu yangu kuna msichana wa Bomet anaitwa Chebet, tunalingana umri. Mfupa wake wa chini ya goti uliharibika na usaha akiwa mdogo, wakaukata kipande kibovu, na sasa wanaurefusha. Mguu wake umezungushiwa pete za chuma, na misumari myembamba imepita ndani ya nyama mpaka kwenye mfupa. Kila siku anazungusha nati kwa spana ndogo mara nne, robo robo, na mfupa unafunguka milimita moja, halafu mpya unajazia hapo katikati. Siku moja mikono yake ilikuwa imechoka akanipa mimi spana. "Polepole, fundi," akasema, "mimi si bodaboda ya baba yako." Tangu siku hiyo namfanyia zamu ya asubuhi. Anaandika kwenye daftari mguu umefika wapi. Mama, namwonea wivu mpaka naona aibu. Nikizungusha ile nati najiambia kuna watu mguu wao unaongezwa, na wangu mimi niliukataa mwenyewe. Utaelewa nikifika hapo.

Jumanne daktari mkubwa alituita mimi na Shangazi katika kile chumba kidogo. Ni mama wa makamo, anavua miwani akitaka kusema jambo zito. Akauliza, "Nikueleze kwa Kiingereza au Kiswahili?" Nikasema Kiswahili, ili Shangazi asikie kwa masikio yake mwenyewe. Akasema hivi: walikuwa wametaka kuutoa mfupa wenye ugonjwa, waweke chuma ndani, mguu ubaki. Lakini mfupa ulipovunjika ugonjwa ulimwagika kwenye nyama, umezunguka mishipa ya damu, chuma hakina tena pa kukaa. Kwa hivyo mguu utatolewa wote, kutoka kwenye nyonga. Halafu akavua miwani. Picha za kifua zinaonyesha mapafu yana madoa, na kemo haikuyapunguza.

Nikamuuliza, "Mkikata nitapona?"

Akasema, "Tukikata, maumivu yatapungua na hicho kidonda hakitakusumbua."

Sikuuliza tena. Nilikuwa nimeuliza kitu kimoja na yeye akajibu kingine, na alijua nimeelewa. Shangazi ndiye aliyelia. Najua alikupigia jioni hiyo ukakubali wakate. Asante kwa kukubali. Lakini nafikiri hakukuambia yale ya mapafu. Alisema uko peke yako na mtoto, atakuambia akifika. Nimeona si haki wewe uwe wa mwisho kujua.

Sasa lile jambo.

Unakumbuka muhula wa pili mwaka jana, wewe ukiwa Ogwedhi na mimi nikikaa kwa Dani, mama yake Baba, pamoja na Marwa, ili nisome. Goti lilikuwa likiniuma tangu muhula wa kwanza na nilikuwa nalificha kwa soksi ndefu. Dani aliliona nikifua nguo. Asubuhi iliyofuata akavaa gauni lake la kanisa, akanipeleka hospitali Homa Bay bila kukuambia, ati asikutie wasiwasi kabla ya kujua ni nini. Hiyo safari hukuwahi kuambiwa, na ni mimi niliyemwomba asikuambie.

Tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane. Nikapigwa picha ya mguu. Daktari alikuwa kijana, akainua ile picha kwenye mwanga, akaniuliza kama bibi anaelewa Kiingereza. Nikasema hapana. Kiswahili? Kidogo tu, cha sokoni. Akasema, basi wewe ni msichana mkubwa, utamweleza. Akaongea kwa Kiingereza, polepole, na nilielewa kila neno. Alisema kuna uvimbe ndani ya mfupa, anaogopa ni saratani. Alisema niende Nairobi wiki hiyo hiyo, wachukue kipande wapime, na kwamba nikiwahi kuna uwezekano mguu ubaki. Akanionyesha kidole, akasema mtu yeyote asiukande huo mguu. Akaandika barua ya rufaa, akaipiga mhuri, akanipa mimi.

Dani alikuwa ameinama mbele, mkoba wake magotini. Akaniuliza, "Daktari owacho ni ang'o?" Daktari amesema nini?

Mama, nilifungua mdomo ili niseme. Nakuapia nilitaka kusema. Lakini akilini nilimwona yule baba wa Osiri, rafiki ya Baba, yule ambaye mguu wake uliangukiwa na jiwe kwenye shimo la mgodi, akaenda Nairobi na kurudi akiwa kwenye sanduku. Niliona shule nzima ikiniangalia nikitembea kwa magongo. Na ile sura ya Dani ilikuwa karibu sana. Nikamwambia kwa Dholuo, daktari amesema ni mishipa imekaza kwa sababu ninakua. Dani akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. Halafu akauliza, "Na dawa?" Sikuwa nimejiandaa. Nikaangalia mikono yake, nikasema tukande na maji moto, kila siku.

Yule daktari alimwona Dani akitabasamu, akamwambia kwa Kiswahili, "Pole sana, Mama." Dani akamjibu, "Asante, asante sana." Hicho kitu kinanirudia kila siku.

Nilijiambia nitasema ukweli mitihani ikiisha. Ikaisha. Nikajiambia ukija. Ukaja, ukaniletea viatu, ukarudi. Na Dani alikanda. Kila alasiri nikitoka shule maji yalikuwa tayari, na mafuta ya simsim kwenye kisahani. Mimi nilikuwa nauma kitambaa na kusema inasaidia. Siku moja alisimamisha mikono, akasema, "Nyathina, mwanangu, huu si mshipa. Ni mgumu kama jiwe. Twende tena kwa daktari." Nikamwambia daktari alisema utakuwa mgumu kwanza ndipo ulegee. Akapabonyeza tena pale pagumu. Lakini mimi ndiye mwenye Kiingereza, mimi ndiye niliyesikia, angefanya nini? Akaendelea kukanda.

Ile Sabato mguu ulipovunjika kanisani, nilikuwa nimesimama tu kwa ajili ya wimbo. Sikujikwaa. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulifika, ukasikia kutoka kwa majirani kwamba Dani alikuwa ananikanda kila siku, na ukasimama katikati ya boma mbele ya watu ukamwambia amemuua mtoto wako kwa mikono yake, kama vile nyumba yake ilivyomla mume wako. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka, nasikia kila kitu. Nilingoja Dani aseme, "Ni daktari aliyeagiza." Hakusema. Mpaka leo sijui kama aliogopa kuniaibisha au aliamini kwamba kweli ni mikono yake. Na mimi nikanyamaza, kama kawaida yangu. Siku hiyo hiyo ulifunga vitu vya Marwa ukaondoka naye, na hujarudi kwake.

Shangazi alikwenda kumwona mwezi uliopita. Anasema Dani hakandi mtu tena. Wanawake wanamletea watoto walioteguka mkono anawarudisha mlangoni. Mke wa jirani alijifungua, akampa Dani mtoto ambebe, naye Dani akaficha mikono chini ya shuka alilojifunga akasema hapana, mikono hii si ya mtoto. Shangazi ananisimulia huku akilaumu: "Afadhali amejua alichofanya." Mimi nikageukia ukuta. Hata Shangazi hajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Usiniamini kwa maneno matupu. Ile barua ya rufaa haikupotea. Iko kwa Dani, kwenye sanduku langu la shule, ndani ya ile karatasi ya kaki niliyofunikia kitabu cha Biolojia. Tarehe iko, mhuri uko, na chini daktari ameandika kwamba mguu usikandwe. Ni ya Kiingereza, mpe mwalimu yeyote akusomee.

Alhamisi ndiyo siku ya kukatwa. Unajua kwa upande wa Baba mtu haachwi nusu huku nusu kule. Shangazi alimuuliza sista kuhusu mguu wenyewe, akaambiwa tunaweza kupewa, tuweke sahihi, hospitali iufunge vizuri. Ijumaa ataondoka nao. Mguu utatangulia nyumbani, mimi nitafuata. Nimesikia ulivyomwambia kwa simu, kwa sababu unaongea kwa nguvu: kwamba mguu hautaingia kwa yule mama hata kidogo, afadhali uzikwe Ogwedhi kwa wajomba. Mama, wajomba zangu nawapenda. Lakini Baba amelala kwa Dani, nyuma ya nyumba, upande wa mihogo. Mimi nataka kuwa hapo. Nisipokuomba sasa, nitakuja kuombewa na watu wengine ambao hawajui ninachotaka.

Na sitaki msimame kwenye hilo shimo kama maadui kwa sababu ya uongo wangu. Nenda kwake kabla ya Ijumaa. Usimtume mtu. Mwambie yote haya, Dholuo uliyojifunza kwa Baba inatosha, na hata pale inapokuwa chungu usinipunguzie. Mwambie mikono yake haikukosa. Yeye ndiye wa kwanza kunipeleka hospitali, na wa kwanza kusema turudi. Kama baada ya hapo hataki kuniona, ni sawa. Wewe pia ukikasirika ni sawa. Usinipigie simu ya kuniambia umenisamehe, sitajua niseme nini. Mpelekee Marwa, ambebe.

Sina matumaini mengi ya kukuandikia, Mama, nimeyatafuta. Daktari alisema pengine nitafika Krismasi. Chebet ananiambia Mungu anaweza, na mimi namwitikia kwa sababu ni rafiki yangu na mguu wake unapona.

Nisalimie wajomba wote wa Ogwedhi, hasa yule mkubwa aliyenifundisha kukamua. Msalimie mama wa uji wa kibanda cha pili, mwambie mchele aliotuma tuliula mpaka ukaisha. Mwalimu wangu wa darasa ukimwona mwambie vitabu vya shule vichukuliwe. Marwa mwambie viatu vyangu vipya ni vyake akikua, vyote viwili, sikuvivaa sana. Ijumaa asiwe karibu wakati wa kufukia, ni mdogo, ataanza kuuliza nimebaki wapi.

Waambie wachimbe shimo lenye kina, mbwa wa jirani mnawajua. Na wewe na Dani msilie machozi yote siku hiyo. Bakizeni.

Ni mimi binti yako,
Robi, yule ambaye Dani anamwita Achieng'