Kidonge cha Chini ya Ulimi

Leicester, 12 Novemba 1996

Dada Bertila,

Shikamoo. Leo nimetimiza miaka ishirini na mitano tangu treni iniondoe Tabora. Natumaini miguu yako imepata nafuu, na mwanao Nyamizi hajambo. Mimi nimetoka hospitali juzi, nitakueleza.

Nyamizi ameniandikia kwamba mpaka leo, ukipeleka chakula msibani, watu wanakipokea kwa adabu kisha wanakimwaga. Sababu ni mimi.

Unaukumbuka mwaka ule wa kutaifishwa kwa majumba, tulipokuwa tukingoja na letu lichukuliwe. Ulikuwa muuguzi, na pia balozi wetu wa nyumba kumi. Mimi nilimwona balozi tu, mtu wa chama na serikali. Baba yangu, mzee Pradip, aliposema moyo unamuuma, nilidhani ni uchungu wa nyumba. Wewe ulimuuliza kama maumivu yanamjia akipanda ngazi, kama yanashuka mkono wa kushoto au kupanda tayani, kama yanatulia akipumzika. Majibu ukayaandika kwenye daftari. Nilijiambia unaandika idadi ya vyumba.

Ukamletea vidonge kutoka kwa daktari, vya kuweka chini ya ulimi. Baba alicheka, akakuita mganga wa ulimi. Mimi sikucheka: dawa gani haimezwi?

Wiki iliyofuata maumivu yalianza kumjia hata akiwa amekaa. Ulisema hiyo ni hatari, apelekwe hospitali siku ileile. Nilikujibu ni kiungulia, nikampa maji ya tangawizi. Nilihofu tukitoka tutarudi na kukuta kufuli geni mlangoni.

Alifariki kesho yake saa sita mchana, shati limelowa jasho, mkono kifuani. Msibani nilimwambia jirani yetu Omari kwamba baba alikufa kwa vidonge vyako. Omari hakukaa na neno hilo, akalisambaza mtaa mzima. Ukahamishiwa kijijini Ziba, mpaka ulipostaafu ukarudi mtaani.

Mwezi uliopita kifua kilinibana nikiwa sokoni. Daktari wa hapa aliniuliza maswali yako yaleyale, akaniwekea kidonge chini ya ulimi. Kilichoma kidogo, kichwa kikagonga, kifua kikaachia. Nililia, muuguzi akadhani bado naumwa.

Dada, baba hakuonja hata kidonge kimoja. Nilivimwaga chooni jioni ileile ulipovileta, nikamwambia baba kwamba umevichukua tena mwenyewe.

Msomee Omari barua hii, kisha mwachie aisambaze kama alivyosambaza ile habari ya kwanza. Nisalimie Nyamizi, na wote wa mtaani watakaokubali salamu zangu. Mimi sitarudi Tabora.

Ndimi mdogo wako,
Narendra